Ngozi, Gome na Nyasi za Ukinga

Kila nchi ina uso na ina nasaba. Uso huonwa na mpita njia kwa siku moja. Nasaba haipatikani ila kwa kuuliza. Katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, mtu asomaye uso bila ya kuuliza nasaba hupotea upesi, kwa sababu huko msitu uonekanao mkongwe aghalabu ni mchanga, na uwanda mtupu uonekanao kama uliofyekwa ndio mzee. Makala haya yataka kuonyesha jinsi biashara ya ngozi na ya magogo ilivyougeuza uso huo, katika njia itokayo Makambako, ikapita Njombe na Ikonda, ikaishia katika uwanda wa Kitulo.

Wanahistoria wazoea kulitafuta jambo hili mbali. Katika Amerika ya Kaskazini, nchi kubwa za misitu ziliingiliwa kwa ajili ya manyoya. Kampuni ya Hudson's Bay, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1670, ilinunua ngozi za biva, mnyama wa mitoni, ili watu wa Ulaya wavae kofia. Kisha, mahali pengi, wakata magogo wakafuata nyayo za wawinda ngozi. Afrika ya Mashariki haina biva, lakini ina mbega. Mwishoni mwa karne ya 19 ngozi ya mbega, nyeusi na nyeupe, ilikuwa pambo la mavazi huko Ulaya, na ngozi ya chui ilitafutwa muda mrefu baadaye. Hata hivyo, katika Ubena na Ukinga alama kubwa ya biashara ya ngozi haikuachwa katika wanyama waliouawa. Iliachwa katika miti iliyopandwa.

Mwenye kutoka Makambako kwenda Njombe, mwendo wa kilomita 60 hivi, hupishana na malori yaliyosheheni mbao na nguzo, na akikaribia mji huona mashamba ya miwati. Asili ya mti huu ni Australia. Gome lake lina tanini, dawa ya kutengenezea ngozi mbichi isioze. Mwaka 1949, mwaka mmoja tu baada ya kuundwa kwa Shirika la Maendeleo ya Makoloni la Uingereza, shirika hilo lilianzisha Kampuni ya Miwati ya Tanganyika huko Njombe. Zilikuwa siku zile zile ambapo mradi mkubwa wa karanga, ulioanzishwa Kongwa mwaka 1947, ulikuwa ukianguka. Mwaka 1951 uliachwa. Karanga zilikufa, miwati ikaishi. Dawa ya gome la Njombe ilivuka bahari kwenda kutengeneza ngozi za wanyama wasiopata kuiona Njombe, na shina lililochunwa likawa kuni. Misindano na milingoti ilikuja kuungana na miwati, na vilima ambavyo mgeni leo huvisifu kwa misitu yake vikavikwa vazi lililoshonwa ugenini.

Isidhaniwe kuwa kabla ya hapo nchi hii haikuwa na kazi wala soko. Vijana wengi wa Ubena na Ukinga walikwenda manamba katika mkonge wa Tanga, na machoni pa serikali ya kikoloni nchi yao ilikuwa ghala la watu wa kazi kabla haijawa ghala la mbao. Na kabla ya ukoloni, Wakinga walikuwa wafua chuma. Majembe yao yalivuka milima ya Livingstone yakashuka kwa Wanyakyusa, yakabadilishwa kwa chakula. Chuma hakiyeyuki bila ya mkaa, na mkaa hautoki ila katika mti. Basi shoka lilikuwa likisikika Ukinga kabla hajafika Mzungu. Lililozidi baadaye ni ukubwa wa soko na umbali wake.

Ikonda imo katika Ukinga, wilaya ya Makete, juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Wengi huijua kwa hospitali iliyojengwa na Wamisionari wa Consolata katika miaka ya 1960, ambayo wagonjwa huiendea kutoka mikoa ya mbali. Mimi niliitazama kwa miti yake. Misindano imepanda miteremko mpaka karibu na madirisha ya watu, na sehemu kubwa ni mali ya wakulima wadogo. Kwa mkulima wa huko mti ni benki isiyofunga mlango. Lakini ada ya shule haingoji mti unenepe, wala maradhi hayangoji. Kwa hiyo miti mingi huuzwa ikiwa michanga, kabla haijatoa mbao nene, na faida ya unene huo humpotea aliyeipanda. Mzigo hushuka mpaka Makambako, zinapokutana barabara kuu ya Zambia na reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975.

Juu zaidi ya Ikonda, karibu mita 2,600, upo uwanda wa Kitulo. Ramani za wakoloni ziliuita kwa jina la Elton, balozi mdogo wa Kiingereza aliyepita nchi hizi mwaka 1877 na kufa mwaka huo huo huko Ugogo. Hapa hapana msitu. Pana nyasi na maua. Mgeni huweza kusema, "Wamekwisha kuukata." La hasha! Kitulo kina mimea isiyoota penginepo duniani, na mimea ya namna hiyo haizaliwi katika uwazi uliofyekwa kwa miaka mia. Nyasi hizi ndizo wenyeji wa kale. Misindano ndiyo wageni.

Biashara ya porini ilipata mlango mpya hapa. Mafundo ya mizizi ya okidi, yaliwayo Zambia kwa jina la chikanda, yalichimbwa na kupelekwa huko kwa magunia. Mwanzoni mwa karne hii watafiti walikadiria mamilioni ya mafundo kwa mwaka. Aling'oaye fundo huua mmea, kama achunaye ngozi auavyo mnyama. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilitangazwa mwaka 2005, na biashara ya okidi kati ya nchi na nchi imo katika mkataba ule ule wa mwaka 1973 uhusuo ngozi za chui.

Sasa lipo neno la kuhofiwa. Mtu mwema aweza kuziona nyasi za juu, akazidhania ukiwa, akazipanda misindano kwa nia ya kurudisha msitu ambao haukuwapo. Vijito vya Kitulo huingia katika mto Ruaha Mkuu, ambao maji yake huzungusha mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu. Anayefunika chemchemi zake hatendi jambo la Makete peke yake. Wala si haki kumlaumu mkulima apandaye mti katika shamba lake, maana hana benki nyingine. Haki ni kujua pa kupanda na pa kuacha, na ujuzi huo hauanzi kwa msumeno wala kwa jembe. Waanza kwa kuwauliza wazee wa Ukinga kilima hiki kilikuwa na nini, na nyasi hizi ziliitwaje kwa Kikinga, na kuyaandika majibu wangali hai. Kazi hiyo ni ya wanafunzi wa lugha na wa historia, na bado haijatimizwa.