William Herschel na Mpaka wa Nuru: Kugunduliwa kwa Mionzi ya Infraredi ya Karibu

Historia ya mionzi ya infraredi aghalabu husimuliwa kama ushindi wa jaribio moja: kipimajoto kiliwekwa nje ya rangi nyekundu, kikapanda, na mionzi isiyoonekana ikajulikana. Masimulizi hayo ni ya kweli, lakini yana upungufu. Insha hii inadai kwamba William Herschel aliigundua mionzi hiyo bila kutambua asili yake, kwa sababu alilifanya jicho kuwa kipimo cha nuru.

Mwaka 1800, mwanaastronomia huyo, mzaliwa wa Hanover aliyehamia Uingereza, alikuwa akilichunguza Jua kwa darubini zilizowekewa vioo vya rangi. Alibaini kwamba baadhi ya vioo vilipitisha joto jingi na mwanga hafifu, ilhali vingine vilifanya kinyume. Ili kupata sababu, aliutawanya mwanga wa Jua kwa prizimu na kupima joto la rangi mbalimbali. Kipimajoto kilipanda nyuzi 2 za Farenhaiti katika urujuani, 3¼ katika kijani na 6⅞ katika nyekundu. Nje ya nyekundu, pasipoonekana mwanga wowote, kilipanda zaidi.

Mwanzoni Herschel alielekea kuamini kwamba nuru na joto la mnururisho ni kitu kimoja. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa ameliacha wazo hilo. Mchoro wake wa mwangaza ulikuwa na kilele kati ya manjano na kijani, ilhali ule wa joto ulikuwa na kilele nje ya nyekundu. Kwa kuwa haikulingana, alihitimisha kwamba ni vitu viwili tofauti. Hoja hiyo ilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, mchoro wa mwangaza ulionyesha wepesi wa jicho kuhisi, si nishati ya mionzi. Pili, prizimu ya kioo huisonga mionzi ya upande wa nyekundu katika nafasi finyu, hivyo kilele cha joto kilisogezwa.

Marekebisho yalichukua miongo kadhaa. Mwaka 1835 Ampère alitetea umoja wa nuru na joto la mnururisho. Mwaka 1847 Fizeau na Foucault walionyesha kwamba mionzi ya joto huingiliana kama mawimbi ya nuru. Nadharia ya Maxwell ya mwaka 1865 ikaipa nuru msingi wa sumakuumeme, na mionzi hiyo ikapata nafasi katika spektra moja.

Kwa kuwa kioo huzuia mawimbi marefu zaidi ya infraredi, alichokipima Herschel kilikuwa hasa infraredi ya karibu, ambayo leo huanzia takriban nanomita 780. Mpaka huo haukuwekwa na maumbile ya mionzi yenyewe. Umewekwa na udhaifu wa jicho la mwanadamu, jicho lile lile lililompotosha mgunduzi wake.