Lishe ya kinyonga wa kufugwa

Lishe ya kinyonga wa kufugwa ni chakula na maji anavyopewa kinyonga anayeishi kizimbani. Spishi inayofugwa sana Marekani na Ulaya ni kinyonga wa Yemeni (Chamaeleo calyptratus), ambaye asili yake ni Yemeni na kusini-magharibi mwa Saudia.

Umuhimu wa chakula mchanganyiko

Porini kinyonga hukamata wadudu wa aina nyingi kwa ulimi wake mrefu. Kizimbani mara nyingi hupewa aina moja tu, hasa nyenje. Nyenje wana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo. Kalsiamu ikipungua, mwili huichukua kutoka mifupani: taya hulainika, miguu hupinda, na mnyama anaweza kufa. Upungufu wa vitamini A hudhuru macho, na kinyonga asiyeona vizuri hawezi kuwinda.

Kwa hiyo nyenje hubadilishwa kwa zamu na nzige, mende wa kufugwa na viwavi wa hariri. Viwavi wa nondo wa nta wana mafuta mengi, hivyo hutolewa kwa nadra. Wadudu hulishwa kwanza majani mabichi na karoti, kisha hunyunyiziwa unga wa kalsiamu. Taa ya miali ya urujuanimno humwezesha kinyonga kutengeneza vitamini D3, inayohitajika ili kalsiamu ifyonzwe. Kinyonga wa Yemeni hula pia majani na matunda kidogo.

Kinyonga anayekataa chakula

Kukataa chakula si ukaidi tu. Sababu zake ni pamoja na baridi, kiu, kujibadua ngozi, hofu, mimba ya mayai na ugonjwa. Mambo hayo huchunguzwa kwanza. Maji hutolewa kwa kunyunyizia majani, kwa sababu vinyonga wengi hunywa matone wala hawatambui maji yaliyotulia bakulini.

Mzima mwenye afya anaweza kulishwa kila baada ya siku moja, kisha akapewa mdudu mgeni anayetembea, kwani mwendo ndio unaovuta macho yake. Mdudu asizidi upana wa nafasi kati ya macho ya kinyonga. Mtoto hulishwa kila siku na hapaswi kushindishwa njaa.

Tahadhari

Wadudu waliopuliziwa dawa na vimulimuli ni sumu. Kinyonga anayekonda, mwenye macho yaliyobonyea au anayeyafumba mchana anahitaji daktari wa mifugo.