Udi, Marashi na Ndugu Asiyevumilia Harufu: Historia Fupi



Ndugu wasomaji, katika nyumba za Waislamu hapa Gisenyi, kama zilivyo zile za pwani, udi na marashi havikosekani siku ya Ijumaa, Idi au harusi. Lakini wapo miongoni mwetu ambao harufu hiyo huwabana kifua, huwaletea kipandauso au huwawasha ngozi. Mara wataambiwa wana maringo. Mara, kwa kuwa wameukimbia moshi wa udi, watasemwa wana jini. Mwishowe huacha kuja msikitini. Tuitazame historia, maana humo tutaona kwamba dini haikuwasahau.

MANUKATO NA MIPAKA YAKE

Mtume (s.a.w.) aliyapenda manukato, na siku ya Ijumaa alihimiza kuoga, kupiga mswaki na kujipaka manukato kwa mwenye kuyapata. Waislamu wakaiendeleza elimu hiyo. Al-Kindi, mwanachuoni wa Iraq wa karne ya 9, aliandika kitabu kizima kuhusu utengenezaji wa manukato, chenye maelekezo zaidi ya 100.

Lakini Mtume huyo huyo alimkataza aliyekula kitunguu saumu au kitunguu kibichi asiukaribie msikiti, kwa kuwa harufu yake huwaudhi watu na malaika. Kitunguu si haramu. Kilichozuiwa ni kumuudhi aliyesimama nawe katika safu. Vile vile aliyehirimia Hija au Umra hajipaki manukato mpaka atoke katika ihramu, na ibada yake ni kamili. Basi twahara ni maji. Marashi ni nyongeza.

YALIVYOFIKA KWETU

Ubani ulitoka Dhofar na Somalia, karafuu na asumini zikanawiri Zanzibar. Mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa utawala wa Wajerumani, wafanyabiashara na askari Waswahili walikaa katika vituo kama Kigali na Gisenyi, wakaja na dini, lugha na desturi zao za usafi. Hata leo Mnyarwanda husema isabune na amarashi. Wala hawakuwakuta watu wasiojua harufu nzuri. Wanyarwanda walikuwa na imibavu yao.

Sabuni yenyewe haikuhitaji harufu. Ile ya Nablus, Palestina, hutengenezwa kwa mafuta ya zeituni, maji na magadi, basi. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza ufundi huo katika orodha yake ya urithi.

KILICHOBADILIKA

Mwaka 1868 Mwingereza William Henry Perkin alitengeneza kumarini katika maabara, na mwaka 1874 Wajerumani wakatengeneza vanilini. Tangu hapo harufu ikawa rahisi, ikaingia katika sabuni ya unga, losheni, hata nepi za watoto. Zamani mtu alichagua kujifukiza; siku hizi harufu humfuata tangu alfajiri.

Madaktari nao wakafuatilia. Mwaka 1895 Josef Jadassohn alionesha njia ya kupima mzio kwa kubandika dawa juu ya ngozi. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulianza kuwataka watengenezaji wazitaje kwenye vibandiko kemikali 26 za harufu, na sheria ya mwaka 2023 ikaongeza orodha hiyo hadi zaidi ya 80. Nyingi kati yake zimo hata katika mafuta ya maua na ndimu, kwa hiyo neno "asilia" si kinga.

Udi je? Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 huko Oman haukuona kwamba udi huwapa watoto pumu, ila uliona kwamba kwa mtoto ambaye tayari anayo, moshi wake huamsha shambulio. Nasi Rubavu tunaishi jirani na Nyiragongo, iliyolipuka 2002 na 2021. Kifua chenye pumu kinachovuta hewa ya volkano kisiongezewe mzigo ndani ya nyumba.

TUFANYE NINI?

1. Dukani tafuta "sans parfum" au "fragrance free". "Unscented" peke yake haitoshi, kwani huenda imetiwa kemikali ya kuficha harufu. Soma orodha ya viungo. Ukiona "parfum", rudisha.

2. Sabuni zisizo na harufu zinazouzwa kwa mahujaji zinafaa mwaka mzima.

3. Kitu kipya kijaribiwe kwanza sehemu ndogo ya mkono kwa siku kadhaa.

4. Udi ufukizwe mgonjwa akiwa hayupo, madirisha yakiwa wazi.

5. Mwenye pumu asiache dawa za hospitali.

Ndugu yangu, ukijua kwamba wa kando yako huumia, punguza marashi Ijumaa hiyo. Hukuacha Sunna, umeshika Sunna nyingine, ya kutomdhuru mwenzako.

Wallahu a'alam.