Kisukari cha watoto: je, kiko kwenye damu ya ukoo?

Mtoto akigunduliwa na kisukari, swali la kwanza nyumbani huwa: kakipata wapi? Mmoja humlaumu mama kwa peremende, mwengine husema ni husuda, na wengine huanza kuhesabu wagonjwa wa upande wa baba. Hapa tunawaeleza wasikilizaji wetu, kuanzia Nungwi hadi Makunduchi, nini hasa kinarithiwa.

Ni ugonjwa gani?

Kisukari kinachowapata zaidi watoto na vijana huitwa aina ya kwanza. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hukosea na kuziua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Bila ya insulini, sukari hurundikana kwenye damu. Peremende haisababishi ugonjwa huu. Baridi yabisi na lupasi nayo ni maradhi ya kinga kuushambulia mwili wenyewe.

Jeni zinaingiaje?

Jeni ni maelekezo ya mwili tunayorithi kwa baba na mama. Kundi moja la jeni, liitwalo HLA, huwaonesha askari wa kinga vipande vya vitu vilivyomo mwilini ili wajue nani mwenyeji na nani mgeni. Jeni hizi hutofautiana sana baina ya watu. Baadhi ya aina zake huongeza uwezekano wa askari kumkosea mwenyeji, na nyengine humlinda mtu.

Hata hivyo, wengi wenye jeni za hatari hawaugui maisha yao yote. Hata mapacha wa kufanana, wenye jeni zile zile, mmoja anaweza kuugua na mwenzake asiugue. Kinachorithiwa ni uwezekano, si ugonjwa.

Ndugu zake wataugua?

Tafiti za Ulaya na Marekani zinaonesha kuwa katika kila ndugu 100 wa mgonjwa, takriban 5 au 6 huja kuugua. Waliobaki hawaugui. Sisi wa Unguja tumechanganya damu za bara, Uarabuni, Bara Hindi na Ngazija, na tafiti nyingi kubwa za jeni zimefanywa kwa watu wa asili ya Ulaya. Kwa hiyo hesabu hiyo ituongoze tu, isitutishe. Pia watoto wengi wanaougua hawana jamaa yeyote mwenye ugonjwa huu, basi usiseme "kwetu hakuna".

Dalili za kuangalia

- Kiu kali na kukojoa mara kwa mara
- Kukojoa kitandani kwa mtoto aliyekwisha kuacha
- Kukonda ingawa anakula
- Uchovu usioisha

Akitapika, akapumua kwa kasi au pumzi ikanukia kama matunda, hiyo ni dharura: mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo. Dalili hizi hufanana na za malaria, kwa hiyo ombeni apimwe na sukari. Kipimo ni tone moja la damu ya kidole.

Aliyeanza insulini asiiache hata siku moja, iwe kwa dawa za miti shamba au kwa kombe. Dua iendelee, na sindano iendelee. Na mama aachwe apumue: hakuna mzazi anayechagua jeni za kumpa mwanawe.