Waalimu wa Nchi Mbalimbali na Lugha ya Masomo ya Mtandaoni

Tangu waalimu wa Afrika walipoanza kujifunza pamoja kufundisha kwa njia ya mtandao, maneno mengi yamesemwa juu ya mitambo na umeme. Lugha haikupewa uzito huo, na hali ndiyo iliyoamua nani awe mwandishi na nani awe msikilizaji tu.

Kushirikiana kwa namna hiyo hakukuwa jambo geni. Katika mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki iliunganisha Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja ili vitabu vya shule viandikwe kwa Kiswahili kimoja. Kamati hiyo ilitambua kwamba waalimu wasio na lugha moja hawana kitabu kimoja.

Chuo Kikuu cha Mtandao cha Afrika kilianzishwa na Benki ya Dunia, huko Washington, katika mwaka 1997. Kwanza masomo yalirushwa kwa setilaiti kutoka vyuo vya ng'ambo, na mwanafunzi wa Afrika alikuwa mpokeaji. Katika mwaka 2002 makao yake yalihamia Nairobi. Baadaye, kwa msaada wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, uliandaliwa mpango wa waalimu wa hisabati na sayansi katika nchi 10, zikiwamo Kenya, Uganda, Tanzania, Msumbiji na Senegali. Safari hii waandishi walitoka katika vyuo vya nchi hizo zenyewe. Zilitungwa moduli 73, nazo zikatolewa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Hivyo mwalimu wa Dakar aliweza kusoma kazi ya mwenziwe wa Maputo. Kiswahili hakikuwamo, maana katika nchi hizo masomo ya sayansi ya sekondari hufundishwa kwa lugha za Ulaya.

Mpango wa TESSA, ulioanza mwaka 2005 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu Huria cha Uingereza na vyuo vya Afrika, ulishika njia nyingine. Ulielekea zaidi shule za msingi, na masomo yake yalitolewa kwa Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na Kiswahili. Tena kila nchi iliruhusiwa kuyanakili na kuyageuza bila malipo, ili mifano na kazi za darasani zipatane na mazingira yake. Palipokosekana intaneti, yaliweza kupigwa chapa kwenye karatasi.

Toleo la Kiswahili lilikusudiwa Tanzania, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi tangu 1967. Manufaa yake ni dhahiri: mwalimu hakulazimika kujifunza ufundi wake kwa lugha moja kisha aufasiri peke yake mbele ya watoto. Lakini Kenya na Uganda zilipata matoleo ya Kiingereza. Basi Kiswahili kiliingia mtandaoni kama lugha ya nchi moja, wala si kama lugha ya ujirani iliyokusudiwa katika mwaka 1930.

Hapana shaka kwamba mtandao umepunguza umbali baina ya waalimu. Kazi ya istilahi, tafsiri na usanifu haikufanywa na mitambo. Ilibaki mikononi mwa wataalamu wa lugha. Pasipo kazi hiyo, waalimu wa nchi jirani wataweza kukutana kila siku, na bado kila mmoja akarudi darasani na kitabu chake.