Ford Model T na Model A: Ulinganisho wa Kihistoria kwa Kigezo cha Mwinuko

Insha hii inalinganisha magari mawili ya Kimarekani yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma: Ford Model T (1908–1927) na mrithi wake, Model A (1927–1931). Ulinganisho wa kawaida huishia kwenye injini: nguvu za farasi 20 dhidi ya 40. Kwa msomaji wa Buzebazeba, aliyezoea vilima vya Kigoma, swali la kwanza ni kama gari litapanda.

Tangi la Model T lilikuwa chini ya kiti, na petroli ilitiririka yenyewe hadi kwenye kabureta. Katika mwinuko mkali, petroli ikiwa kidogo, injini ilizimika. Dereva alilazimika kupanda kinyumenyume. Model A iliondoa kero hiyo kwa tangi lililowekwa juu, mbele ya dereva, ikaongeza gia ya tatu na breki katika magurudumu yote manne.

Hata hivyo, ni wepesi wa Model T uliowafaa Waingereza katika vita vya Afrika Mashariki, ambako malori mazito yalikwama matopeni na mbung'o waliua wanyama wa mizigo. Gari liliposhindwa, mzigo ulirudi kichwani mwa mpagazi, na wapagazi walikufa kwa maelfu. Hivyo, historia ya magari haya ipimwe pia kwa mzigo ambao binadamu alituliwa.