Nyonga ya Bandia na Safari ya Kurudia Mwendo

Upasuaji wa kubadilisha nyonga unaofanywa leo ulikomaa katika hospitali ya Wrightington, Lancashire, Uingereza, mikononi mwa daktari John Charnley. Wengine walikuwa wamejaribu kabla yake: Themistocles Gluck alitumia pembe za ndovu mjini Berlin mwaka 1891, na Philip Wiles akatumia chuma kisichoshika kutu jijini London mwaka 1938. Charnley mwenyewe aliwawekea wagonjwa karibu 300 vikombe vya Teflon, vikalika upesi na kuwarudishia maumivu. Novemba 1962 alianza kutumia kikombe cha polithini ngumu, na hicho kikadumu.

Kiungo kipya huondoa maumivu, lakini mwendo huletwa na misuli. Mwaka 1895 daktari Mjerumani Friedrich Trendelenburg alieleza kwamba mtu akisimama kwa mguu mmoja, misuli ya ubavuni mwa nyonga ndiyo inayozuia kiuno kisilalie upande wa mguu ulioinuliwa. Mgonjwa aliyechechemea miaka mingi huwa na misuli iliyosinyaa, hivyo huendelea kuyumba hata baada ya kupona kidonda. Charnley alilizingatia sana jambo hili. Alikata kinundu cha fupa la paja kinachoshikilia misuli hiyo, kisha akakifunga tena nje zaidi ili ivute kwa nguvu kubwa. Gharama yake ilikuwa kulala kitandani wiki kadhaa, mfupa uunge.

Katika makala ya mwaka 1956, Mmarekani William Blount aliwasihi madaktari wasiidharau fimbo. Fimbo hushikwa kwa mkono ulio mkabala na nyonga mbovu, kwa kuwa mkono huo ukisukuma chini huisaidia misuli dhaifu kubeba mwili. Wengi hadi leo huishika upande wenye maumivu, nao hukosa faida hiyo.

Baadaye wapasuaji wengi waliacha kukata kinundu kile. Tangu miaka ya 1990 utaratibu wa Henrik Kehlet wa Denmark, wa kutuliza maumivu vizuri na kumwinua mgonjwa mapema, ulienea kutoka upasuaji wa utumbo hadi wa nyonga. Siku hizi wengi husimama siku ileile au kesho yake, wakianza na magongo, kisha fimbo moja, huku wakifanya mazoezi ya kuinua mguu kwa upande. Fimbo haifai kuachwa kwa sababu tu maumivu yamekwisha. Huachwa mgonjwa anapoweza kutembea bila kuyumba.